Umefuta, na Diski Bado Imejaa: Nani Ameshika Nafasi ya Seva?

Tarehe 29 Agosti 2023 viwanda vyote 14 vya Toyota nchini Japani vilisimama. Hakukuwa na tetemeko la ardhi wala uvamizi wa wadukuzi. Taarifa ya kampuni yenyewe, iliyotoka Septemba 6, ilieleza kwamba siku mbili kabla, Agosti 27, kulikuwa na matengenezo ya kawaida kwenye mfumo wa oda za vipuri. Kazi ilikuwa kufuta na kupanga data zilizolundikana kwenye hifadhidata. Katikati ya kazi hiyo nafasi ya diski ikaisha na mfumo ukasimama. Seva za akiba zilikuwa kwenye mfumo uleule, nazo zikaanguka kwa sababu ileile. Kazi ilirejea baada ya data kuhamishiwa kwenye seva yenye diski kubwa zaidi.

Turudi hapo kidogo. Watu walikuwa wanafuta, na diski ikajaa wakati wa kufuta. Kwa asiyewahi kusimamia seva ni kama kuambiwa ndoo imefurika kwa kuchotwa maji. Aliyewahi kukesha na seva iliyojaa analielewa vizuri. Kwenye kompyuta, kufuta ni tendo moja na kuachia nafasi ni tendo lingine, na sehemu kubwa ya mateso ya diski iliyojaa inatokana na kuyachukulia matendo hayo mawili kuwa kitu kimoja.

Niliwahi kupigiwa simu saa nane usiku na kijana anayetunza seva ya duka la jumla jijini Dar es Salaam. "Shikamoo kaka, samahani kwa muda huu. Nimefuta logi ya giga 18, lakini diski bado inasema asilimia mia." Seva yenyewe ilikuwa na diski ya GB 40, risiti hazitoki, na asubuhi duka lilitakiwa kufunguliwa. Logi ni faili ambamo programu huandika kumbukumbu za kazi zake. Alikuwa ametumia rm, amri ya kufuta; faili limetoweka mbele ya macho yake, na ls, inayoorodhesha mafaili, haimwonyeshi kitu. Amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyotumika, haikusogea hata kidogo. Alidhani kompyuta inamdanganya, kumbe ilikuwa inasema kweli.

Daftari, kadi na vyumba

Ili kuuona ukweli huo, fikiria gesti. Pale mapokezi kuna daftari lenye majina ya wageni. Mbele ya kila jina kuna namba ya kadi. Kadi ndiyo inayosema mgeni huyu anatumia vyumba gani, aliingia lini na ana ruhusa gani. Vyumba vyenyewe viko huko ndani.

Mfumo wa mafaili wa Linux, kama ext4 unaokuja na seva nyingi za Ubuntu na Debian, umejengwa hivyohivyo. Daftari ni saraka: orodha ya majina, na kila jina limeandikiwa namba. Kadi inaitwa inodi. Vyumba ni bloki za diski, kwa kawaida kila moja ina baiti 4,096. Jina la faili haliko kwenye inodi. Jina liko daftarini tu.

Amri ya rm inafuta mstari mmoja kwenye daftari, basi. Baada ya hapo mfumo unauliza maswali mawili kuhusu kadi ile: je, kuna jina lingine popote linaloielekeza? Na je, kuna programu yoyote ambayo bado imelifungua faili hili? Majibu yote mawili yakiwa hapana, ndipo vyumba vinarudishwa kwenye orodha ya vilivyo wazi. Jibu moja likiwa ndiyo, mgeni anaendelea kulala ingawa jina lake limefutwa.

Logi ya yule kijana ilikuwa imefunguliwa na programu ya mauzo ambayo haikuwa imezimwa. Programu ilikuwa imeshika ufunguo, ikaendelea kuandika ndani ya faili lisilo na jina, na giga 18 zikawa zinakaribia 19 wakati sisi tunaongea. Amri inayowafichua wageni wa aina hii ni:

sudo lsof +L1

Herufi L na tarakimu 1 zinamaanisha "nionyeshe mafaili yaliyofunguliwa ambayo idadi ya majina yake ni pungufu ya moja". Ikaja mistari michache, mmoja ukiwa na neno deleted na ukubwa wa kutisha, pamoja na namba ya mchakato (programu inayoendeshwa) na namba ya mlango wake, yaani namba ambayo programu inalitambulia faili ililolifungua. Dawa nyepesi ni kuiwasha upya programu hiyo moja: ikizimwa, ufunguo unarudi na nafasi inaachiwa papo hapo. Kama haiwezi kuzimwa kwa wakati huo, faili lisilo na jina bado linafikika kupitia saraka ya /proc. Tuseme mchakato ni 1234 na mlango ni 5:

sudo truncate -s 0 /proc/1234/fd/5

Df ikashuka kutoka asilimia 100 hadi 54. Kijana alinyamaza kwanza, halafu akacheka.

Tangu siku hiyo kila ninayemfundisha kazi hii namwambia jambo moja kabla ya mengine: logi ambayo programu inaiandika haifutwi kwa rm, inapunguzwa hadi sifuri palepale ilipo. Amri ni truncate -s 0 ikifuatiwa na njia ya faili. Jina linabaki, kadi inabaki, programu haishtuki, vyumba vinaachiwa. Ila kuna hali ya kuzingatia. Programu ikiwa haijafungua logi yake kwa mtindo wa kuongezea mwishoni, itaendelea kuandika kuanzia pale ilipokuwa imefika, na ls -l itaonyesha tena faili la giga 18. Usihofu. Sehemu ya mbele ya faili hilo ni tupu na haina bloki zozote. Lipime kwa du, inayohesabu bloki, badala ya ls utaona ukubwa wake halisi kwenye diski.

Swali la jina lingine nalo lina watu wake. Zipo programu za nakala rudufu zinazotunza nakala za kila siku kwa viungo vigumu: faili ambalo halikubadilika tangu jana halinakiliwi tena, linaongezewa jina tu. Kwa hiyo unaweza kufuta nakala ya siku 20 zilizopita, inayosomeka kuwa na giga 30, ukapata megabaiti mia mbili. Vingine vyote bado vina majina kwenye siku 19 nyingine. Picha tuli (snapshot) za mifumo ya mafaili ya ZFS na Btrfs zina tabia inayofanana: data uliyoifuta leo ilikuwepo wakati picha inapigwa jana, na picha haikubali kuiachia. Ukifuta mafaili kwenye mfumo wenye picha tuli na nafasi isiongezeke, nenda kaangalie picha kwanza.

Df na du zikikataa kukubaliana

Df inamuuliza mwenye gesti vyumba vingapi vimechukuliwa. Du inapita daftari kwa daftari ikijumlisha vyumba vya kila jina inaloliona. Kwa hiyo zikitofautiana sana, tofauti yenyewe ni habari. Df ikisema 40 na du ikisema 22, kuna giga 18 zinazokaliwa bila jina linaloonekana. Faili lililofutwa likiwa wazi ni sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni data iliyofunikwa. Mathalani una diski ya pili inayopachikwa (mount), yaani kuunganishwa, kwenye saraka ya /data. Usiku mmoja seva inawaka upya, diski ile inachelewa kupachikwa, na kazi ya nakala rudufu inaanza. Saraka ya /data ipo, ila ni saraka tupu ya diski kuu, na nakala zinamwagika humo. Kesho unapachika diski ya pili juu yake, na zile giga zinabaki chini kama nguo zilizosahaulika nyuma ya kabati. Du haizioni. Ili kuchungulia chini ya kabati bila kuondoa chochote:

sudo mount --bind / /mnt
sudo du -xh --max-depth=2 /mnt | sort -h

Ukimaliza, ondoa kwa umount /mnt.

Sababu ya tatu si upotevu kabisa. Ext4 inapoumbwa inatenga asilimia 5 ya bloki kwa ajili ya mtumiaji mkuu, root. Kwenye diski ya GB 40 hizo ni GB 2, kwenye diski ya TB 1 ni takriban GB 50. Programu za kawaida zinagonga ukuta huku root bado ana pa kuandikia. Desturi hii ni ya zamani: mfumo wa mafaili uliobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulitenga asilimia 10, kwa sababu diski ikikaribia kujaa kabisa mfumo unashindwa kupanga bloki za faili moja karibu karibu na kasi inaanguka. Kwenye patisheni kuu, yaani sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe, mimi siigusi akiba hii. Ndiyo inayokuwezesha kuingia na kufanya kazi siku ya janga. Kwenye patisheni kubwa ya data tupu, ambako root hana shughuli, kuipunguza hadi asilimia 1 kwa sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1 ni uamuzi wa haki, unafanyika diski ikiwa inatumika, na unarudisha makumi ya giga bila kufuta hata herufi moja.

Halafu kuna siku ambayo df -h inasema asilimia 60 na programu zinalia kwamba nafasi hakuna. Hapo zilizoisha ni kadi. Ext4 inaumba inodi zote siku patisheni inapoumbwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384, kwa hiyo diski ya GB 40 inapata takriban milioni 2.6 na haziongezeki mpaka patisheni yenyewe ipanuliwe. Mafaili madogo madogo yanaweza kuzimaliza huku vyumba vikiwa wazi. Kosa linalorudishwa ni lilelile namba 28, "No space left on device", na ndiyo maana linapoteza watu. Df -h inapaswa kufuatiwa na df -i kila mara, bila kuacha.

Wahusika wake wanajulikana: vipindi vya PHP kwenye /var/lib/php/sessions visivyosafishwa, kashe za tovuti, na /var/spool/postfix/maildrop inayojaa barua za cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) ambazo hazikuwahi kufika popote. Kila dakika barua moja, miaka miwili, haba na haba. Saraka zenye umati zinapatikana hivi:

sudo du --inodes -xS / | sort -n | tail

Ukishaipata, rm * inaweza kukataa kwa kusema orodha ni ndefu mno, kwani ganda la amri hujaribu kutaja majina yote kwa mpigo. Find inayafuta moja moja:

sudo find /var/lib/php/sessions -type f -mmin +1440 -delete

Hiyo inagusa tu yaliyokaa zaidi ya siku nzima. Saraka yenyewe, iliyokwisha kunenepa kwa mamilioni ya majina, haitakonda. Ext4 hairudishi bloki za daftari hata kurasa zikiwa tupu, na ls ndani yake itaendelea kuwa nzito mpaka uiumbe upya.

Jambo hilo la daftari lisilokonda liliwahi kukaribia kuua chombo kwenye sayari nyingine. Kigari cha NASA kiitwacho Spirit kilitua Mirihi Januari 2004. Tarehe 21 ya mwezi huohuo kiliacha kutuma data zenye maana, na kwa siku kadhaa kikawa kinajizima na kujiwasha zaidi ya mara 60. Wahandisi waligundua kwamba kumbukumbu yake ya flashi ilikuwa na mafaili mengi mno, na kwamba muundo wa saraka ulikuwa haupungui hata mafaili yakifutwa. Kila kilipowaka kilijaribu kuusoma muundo huo wote kwenye kumbukumbu ya kazi, kikashindwa, kikawaka upya. Walikiokoa kwa kukiamuru kiwake bila kuigusa flashi, wakafuta mafaili, baadaye wakaiumba upya. Mimi kisa hiki kinanigusa sana. Watu wale hawakuwa na mtu wa kumtuma akachomoe diski.

Ukifika kwenye seva iliyojaa

Tatizo la kwanza ni pa kusimamia. Kwenye diski iliyojaa kabisa hata kubonyeza Tab kukamilisha jina kunaweza kuleta kosa, maana bash, ganda la amri, inataka kuandika faili la muda. Anza na vitu ambavyo havina mjadala. Sudo apt clean inaondoa vifurushi vya usanidi vilivyokwisha kutumika kwenye /var/cache/apt/archives, kwenye jamii ya Red Hat ni dnf clean all. Sudo journalctl --disk-usage inakuambia jarida la mfumo linakula kiasi gani. Kwa chaguo-msingi linaruhusiwa asilimia 10 ya patisheni hadi kikomo cha GB 4, na kwenye diski ya GB 40 hizo zinaweza kuwa giga zote nne. Unalibana hivi:

sudo journalctl --rotate
sudo journalctl --vacuum-size=200M

Bila rotate ya kwanza, jarida linaloandikwa sasa haliguswi. Kikomo cha kudumu kinawekwa kwa mstari wa SystemMaxUse ndani ya /etc/systemd/journald.conf.

Ukishapumua, tafuta mlaji:

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

Herufi x ni muhimu, inaizuia du isivuke kwenda patisheni nyingine. Kisha unaingia saraka kubwa, unarudia, unaingia tena. Ncdu inafanya kazi hiyohiyo kwa raha zaidi kama tayari ipo. Kuisanidi kwenye diski iliyojaa ni ugomvi mwingine. Mara nyingi njia inaishia kwenye /var: log, lib/docker, lib/mysql, lib/postgresql, au lib/systemd/coredump ambako programu zinazoanguka huacha maiti zao. Kama iliyojaa ni /boot, ni keneli (kiini cha Linux) za zamani, na sudo apt autoremove --purge inazitoa. Usizifute kwa mkono kabla ya kuuliza uname -r ni ipi inayotumika sasa.

Mitego miwili hapa huwanasa hata wazoefu. Wa kwanza ni mv. Kuhamisha faili kutoka /var/log kwenda /home kunabadilisha jina tu ikiwa zote ziko patisheni moja, hakuna baiti inayoachiwa. Wa pili ni gzip. Inaandika faili jipya lililobanwa kwanza, halafu ndiyo inafuta la zamani, kwa hiyo kubana faili la giga 20 kunahitaji giga kadhaa usizokuwa nazo. Kama faili ni la kutunzwa, libane likiwa njiani kwenda seva nyingine:

gzip -c logi.1 | ssh mtumiaji@seva2 'cat > logi.1.gz'

Hakikisha limefika salama, kwa gzip -t huko liliko, ndipo ulifute hapa.

Hifadhidata, mahali pa kuogopa

Hapa ndipo naomba msomaji apunguze mwendo kuliko popote, kwa sababu hapa kufuta vibaya hakurudishiki.

Ndani ya hifadhidata kuna gesti ndani ya gesti. Ukitoa amri ya DELETE kwa safu milioni kumi za MySQL, injini ya InnoDB inaziweka alama kuwa zimeondoka na kutunza nafasi hiyo ndani ya faili lake kwa ajili ya safu zijazo. Faili la jedwali kwenye diski halipungui. Tena, wakati wa kufuta, InnoDB lazima iandike jinsi ya kurudisha kila safu endapo kazi itakatishwa, na logi ya binari inaandika tukio zima kwa ajili ya seva nyingine. Kwa muda, kufuta kunaongeza matumizi ya diski. Ukitaka faili lipungue kweli, OPTIMIZE TABLE inalijenga jedwali upya, yaani inahitaji nafasi ya nakala nzima ya pili kabla ya kuachia ya kwanza. PostgreSQL ni vilevile: DELETE inaacha safu mfu, VACUUM ya kawaida inaziruhusu zitumike tena bila kulipunguza faili kwa kawaida, na VACUUM FULL inaandika nakala mpya huku ikilifunga jedwali lisisomwe wala kuandikwa. Mtu anayeanza amri hizo diski ikiwa na asilimia 98 anajitafutia siku kama ile ya Agosti 27.

Kinachoachia nafasi kwa mpigo ni kulitupa jedwali zima, kwa DROP au TRUNCATE. Ndiyo sababu wenye logi na historia ndani ya hifadhidata hugawa jedwali kwa miezi: mwezi wa zamani unatupwa kama faili moja, bila kufuta safu moja moja. Natamani kila anayebuni mfumo wa mauzo angefanya hivyo kabla ya mwaka wa kwanza kuisha.

Mara nyingi, hata hivyo, mlaji si majedwali. MySQL 8.0 huwasha logi ya binari yenyewe na kuitunza siku 30. Seva yenye shughuli nyingi inaweza kuwa na logi kubwa kuliko data. Zinaondolewa kwa kuiomba MySQL ndani ya MySQL:

PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 3 DAY;

Kwanza hakikisha seva za nakala, kama zipo, zimekwisha kuzisoma. Ukizifuta kwa rm unaacha orodha inayotaja mafaili yasiyokuwepo.

Kwa PostgreSQL kuna saraka ambayo imeangamiza kazi za watu wengi. Zamani iliitwa pg_xlog, na mtu akiona neno log kwenye diski iliyojaa mkono unakwenda wenyewe. Haikuwa logi ya kusomwa, ni kumbukumbu ya mabadiliko ambayo bila hiyo hifadhidata haiwezi kusimama baada ya kuanguka. Toleo la 10, la mwaka 2017, lilibadilisha jina likawa pg_wal, kwa sehemu kubwa ili kuzuia mikono hiyo. Ukiikuta imevimba, kuna mtu anaizuia isisafishwe. Uliza:

SELECT slot_name, active, restart_lsn FROM pg_replication_slots;

Mara nyingi utakuta nafasi ya foleni (slot) iliyotengewa seva ya nakala iliyozimwa miezi mingi iliyopita, na PostgreSQL kwa uaminifu wake bado inaitunzia kila badiliko. Ukihakikisha haihitajiki tena, iondoe kwa pg_drop_replication_slot, na kwenye kituo cha ukaguzi (checkpoint) kinachofuata saraka inajipunguza yenyewe. Au ni archive_command, amri ya kunakili mabadiliko hayo kwenda hifadhi nyingine, inayoshindwa kimya kimya. Kwa vyovyote, ndani ya saraka hiyo usifute chochote kwa mkono.

Makontena ya Docker, yaani programu zilizofungashwa pamoja na mahitaji yake, yana mambo mawili tu ya kusema. Kwa chaguo-msingi logi ya kila kontena inaandikwa kwenye faili la json lisilo na kikomo, linakua hadi diski iishe. Weka max-size na max-file ndani ya /etc/docker/daemon.json, ukijua kwamba kikomo kitawahusu makontena yatakayoumbwa baadaye, yaliyopo sasa hayaguswi. Pili, docker system df inaonyesha nafasi inayoliwa na picha za Docker (images), makontena na kashe, na docker system prune inaondoa makontena yaliyosimama, picha zisizo na jina na kashe zisizotumika. Usiongeze --volumes kwa pupa. Volyumu ya hifadhidata ambayo kontena lake limeondolewa kwa muda inaweza kuhesabiwa kuwa takataka.

Ikiwa umechunguza na kila kilichopo ni halali, diski ni ndogo na inapaswa kukuzwa. Kwenye seva ya kukodi unaongeza ukubwa kwa mtoa huduma, halafu growpart /dev/vda 1 na resize2fs /dev/vda1, au xfs_growfs kwa XFS, au lvextend -r kwa LVM. Hata hapa kisa kinajirudia: growpart inataka kuunda saraka ya muda kwenye /tmp, na diski ikiwa imejaa kabisa inashindwa kuikuza diski kwa kukosa nafasi. Mpe /tmp ya kwenye kumbukumbu ya kazi kwa muda:

sudo mount -t tmpfs -o size=10M tmpfs /tmp

Kwa ajili ya siku kama hizo, kwenye seva ndogo ninazozitunza huwa naacha faili moja la bure, sudo fallocate -l 1G /akiba-ya-dharura. Halina kitu ndani. Siku diski ikijaa nalifuta la kwanza, na giga moja inanipa pa kuweka miguu.

Nafasi ikirudi

Df ikishaonyesha asilimia 54, kazi haijakwisha. MySQL iliyokwama kwa diski kujaa hujaribu tena kila dakika na huendelea yenyewe. PostgreSQL iliyokosa pa kuandika pg_wal huwa imezima, lazima iwashwe. Programu nyingine zinabaki hai zikiwa zimepoteza akili, zikijibu maombi bila kuhifadhi kitu, kwa hiyo ziwashe upya hata kama zinaonekana nzima. Kazi za nakala rudufu za usiku huo zihesabu kuwa hazipo mpaka uzifungue kwa macho yako.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Programu nyingi zikibadilisha faili la usanidi hulipunguza hadi sifuri kwanza, kisha huandika upya. Diski ikiwa imejaa, hatua ya kwanza inafaulu na ya pili inashindwa, na faili linabaki na jina lake, tarehe yake mpya, na baiti sifuri. Halitaleta shida leo kwa sababu programu ilikwisha kulisoma. Litaleta siku seva itakapowaka upya. Siku ile na yule kijana, saa kumi alfajiri, tulitafuta kila faili tupu lililoguswa tangu diski ilipojaa:

sudo find /etc /opt /var/www -type f -size 0 -newermt '2025-03-10 01:00'

Badilisha tarehe iwe ya tukio lako. Kwake yalitoka majina matatu. Mawili yalikuwa matupu tangu siku yalipoumbwa na hayakuwa na shida. La tatu lilikuwa faili la mipangilio ya printa ya risiti, tukalirudisha kutoka kwenye nakala ya juzi, na saa moja na nusu asubuhi risiti ya kwanza ikatoka.